Episodi nne, daftari moja

Jana nimeshinda ndani siku nzima naangalia komedi za zamani, toka asubuhi mpaka macho yakaanza kuwasha, na sikuwa naangalia tu ili muda uende, nilikuwa na daftari pembeni naandika kila ninapocheka na kwa nini nimecheka. Nimechoka na ile ya mtu kuniuliza kipindi fulani kikoje halafu jibu langu linakuwa "aah kinachekesha sana" basi, imeisha. Nikachagua episodi nne, kila moja naiangalia mara mbili, ya kwanza naangalia kama mtazamaji wa kawaida, ya pili rimoti mkononi, nasimamisha, narudisha nyuma.

Nimeanza na I Love Lucy, ile ya mwaka 1952 ya kiwanda cha chokoleti. Najua kuna watu wakiona picha ya nyeusi na nyeupe tu wanahama, jamani msihame, vumilieni dakika tano. Lucy na mwenzake Ethel wamepata kazi ya kufunga chokoleti kwenye karatasi, msimamizi (mama mkali huyo) kawaambia kabisa ikipita hata moja haijafungwa hamna kazi. Mkanda unaowaletea chokoleti unaanza taratibu, wanaumudu vizuri, halafu unakolea mwendo kidogo, halafu kidogo tena, wanaanza kula zinazowashinda, wanazitia kwenye kofia, wanazitia kifuani ndani ya nguo, mpaka mashavu yamevimba. Msimamizi anarudi anakuta mkanda mweupe hauna kitu, anawasifia, halafu anapaza sauti kwa wenzake kule ndani waongeze spidi!

Hapo nimerudisha kama mara sita hivi. Maana nilichogundua, mimi sicheki sana pale wanapokula, nacheka pale msimamizi anapoingia na wao wamesimama wima, mdomo umefumbwa, wanamwangalia kama wafanyakazi bora wa mwaka. Kinachochekesha ni kuficha. Na ile sauti ya watu wanaocheka kwenye kipindi hiki ni watu kweli, kilikuwa kinarekodiwa kwa kamera tatu kwa mpigo mbele ya watazamaji waliokaa palepale studio, kwa hiyo unamuona Lucille Ball, ndo huyo Lucy, anavyowasubiri, anashikilia uso wake mpaka kicheko kipungue ndo anaendelea. Kumi kwa kumi, sina mjadala.

Nikaenda kwa Mr. Bean, ile ya kwanza kabisa iliyorushwa tarehe 1 Januari 1990. Ina visa vitatu, mtihani, ufukweni na kanisani. Cha ufukweni kinasifiwa sana, anataka kuvaa chupi ya kuogelea bila kuvua suruali kwanza kwa sababu kuna mtu kakaa karibu, anahangaika weee, mwisho tunajua yule mtu haoni. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikawa nasubiri tu ifike mwisho, kwa sababu utamu wote umewekwa pale mwishoni na ukishaujua umeshaujua. Sasa linganisha na kanisani. Pale hakuna siri yoyote, jamaa anasinzia na hataki aonekane anasinzia, anataka kula pipi na jirani yake asione, wimbo haujui anamumunya maneno mpaka ifike "aleluya" ndo anatoa sauti kubwa kuliko watu wote. Nimeangalia mara mbili nimecheka mara mbili, na mara ya pili zaidi. Rowan Atkinson, ndo Mr. Bean mwenyewe, anapolala pale haanguki tu, anashuka kidogokidogo kama nguo inayoteleza kwenye kamba, mwili wote unalegea kwa zamu. Ule ni ufundi bwana.

Ya tatu Seinfeld, ile ya 1991 ya mgahawa wa Kichina. Niseme ukweli, mara ya kwanza ilinipita. Watu watatu wanasubiri meza episodi nzima, hawatoki pale, na hata wakubwa wa NBC, kituo cha TV cha Marekani kilichokirusha kipindi, walikuwa na wasiwasi nayo kwamba haina hadithi. Ila mara ya pili nikaanza kuona, kumbe na hapa kila mtu ana kitu cha kuficha: Jerry kamdanganya mjomba wake kwamba anaumwa halafu kakutana na mfanyakazi wa ofisini kwa mjomba huyohuyo, na Elaine njaa imemzidi mpaka anakubali kwenda kuchukua chakula kwenye sahani ya watu asiowajua, anaongea nao kwa meno yaliyobana ili wenzake wasisikie. Saba kwa kumi, na nikiirudia naweza kuongeza.

Ya mwisho ndo niliyokuwa nimeiwekea hamu, Fawlty Towers, komedi ya Kiingereza ya hoteli moja, ile ya panya ya 1979. Kipindi chote kina episodi 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979, na John Cleese na Connie Booth waliziandika pamoja wakazifuma kiasi kwamba ukikosa sentensi moja ya mwanzoni mwishoni unapotea. Mkaguzi wa afya katoa saa 24 hoteli isafishwe, na mhudumu Manuel anafuga panya humo ndani, yeye kaaminishwa ni hamsta wa Siberia. Ukishajua hivyo viwili tu huwezi kukaa vizuri, kila mlango ukifunguliwa unashtuka. Na mwisho kabisa linafunguliwa boksi la biskuti mezani, panya yuko mle, kichwa juu, anamtazama mkaguzi, mkaguzi naye anamtazama. Mkaguzi hasemi kitu. Nimeandika kwenye daftari neno moja tu, "macho".

Nilivyomaliza ilikuwa usiku sana, nikataka kujaribu kitu kimoja, nikarudi kwa Lucy, nikazima sauti kabisa, hakuna vicheko vya studio wala maneno, nikaacha mkanda uende. Msimamizi akaingia. Lucy akanyanyua macho, mashavu yamejaa, shingo imenyooka. Nikacheka kwa sauti, peke yangu chumbani.