Ziwa Naivasha Hulindwa Kuanzia Kinangop

Kila inapotajwa kazi ya kulinda Ziwa Naivasha, picha inayotujia haraka ni ya watu waliovaa glavu wakiokota chupa za plastiki ufukweni. Siibezi kazi hiyo, ila naona inasifiwa kupita kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu unaoliumiza ziwa haielei juu ya maji. Ni udongo wa mashambani unaoshuka na mvua kutoka miteremko ya Kinangop, Nyandarua, ukaingia Mto Turasha na kisha Malewa unaomwaga maji yake ziwani, huku chembe zake zimeshikamana na fosforasi ya mbolea. Fosforasi hiyo hustawisha mwani na magugu maji, na mwani unapokufa na kuoza, oksijeni ambayo samaki wanaihitaji hupungua. Mwaka 1995 ziwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Heshima kubwa, lakini haizuii tope.

Kinachozuia tope ni mstari wa majani ya napier uliopandwa kukingama mteremko. Maji ya mvua yakiufikia hupunguza kasi, udongo hutua upande wa juu, na misimu inavyopita shamba hujijengea ngazi lenyewe. Majani hayo hukatwa na kulishwa ng'ombe wa maziwa, na nadhani hiyo ndiyo sababu wakulima huyatunza hata pale ambapo hakuna afisa anayekuja kukagua.

Ugumu uko kando ya mto. Kumwambia mwenye kishamba kidogo aache kulima viazi hadi ukingoni ni kumwomba apoteze mavuno kwa manufaa ya watu walio chini kule ziwani asiowajua. Ndiyo maana naunga mkono mpango ulioendeshwa na mashirika ya WWF na CARE pamoja na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambapo watumiaji wa chini walichangia fedha na wakulima wa juu waliohifadhi udongo wakapewa vocha za pembejeo. Vocha hizo hazikumtajirisha mtu, lakini zilikiri kwamba maji safi yana jasho la mtu ndani yake.

Wafadhili huondoka, ilhali matuta na mistari ya majani huhitaji kukarabatiwa kila mwaka. Mashamba ya maua na hoteli za ufukweni, ambazo pia zina maji taka yao ya kujibia, ndizo ningependa kuziona zikiweka mchango huo katika bajeti zao za kawaida.