Kompyuta iliyopigwa na radi: anza na nyaya, pawa saplai baadaye

Ni nadra radi kuipiga kompyuta yenyewe. Hupiga nguzo, mti au ardhi ya karibu, halafu msukumo wake ukaingia ndani kupitia waya wowote unaotoka nje: wa umeme, wa intaneti, wa simu, wa antena ya televisheni. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, kumbuka ni nyaya zipi zilikuwa zimechomekwa wakati ule. Kila waya una kifaa chake ulichokipitia.

Waya wa intaneti ndio unaosahaulika zaidi. Soketi ya mtandao ina vitransfoma vidogo vinavyotenganisha kompyuta na waya, na kiwango chake cha kuhimili ni volti 1500. Radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya ethi ya umeme wa nyumba na waya uliotoka nje inaweza kupita hapo kwa mbali, na kompyuta ndiyo daraja lililoziunganisha pande hizo mbili. Ndiyo maana unaweza kukuta pawa saplai (boksi linaloigawia kompyuta umeme) nzima kabisa na chipu ya mtandao imekufa. Waya wa antena nao hupita kwenye televisheni au king'amuzi, ukaingia kwenye waya wa picha wa HDMI, ukaishia kwenye kadi ya picha.

Ngurumo zikiisha kabisa, chomoa kila kitu: umeme, intaneti, skrini, printa, vyote vya USB. Bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki iishe. Kisha rudisha waya wa umeme peke yake na ujaribu. Zipo mashine ambazo mzunguko wa kinga wa pawa saplai ulijifunga tu, na hatua hii inazifufua. Zipo pia zinazogoma kuwaka mpaka waya wa intaneti au kifaa fulani cha USB kichomolewe. Hapo umeshampata mgonjwa.

Ikigoma bado, usiendelee kabla ya kutoa diski. Chomoa kebo zake zote mbili, ya umeme na ya data, uiweke kando. Pawa saplai iliyojeruhiwa inaweza kutoa volti za ajabu, na vipuri vingine vyote vinanunulika, kazi zako zilizomo kwenye diski hazinunuliki.

Sasa pawa saplai. Usifungue boksi lake. Kapasita kubwa za ndani hubeba zaidi ya volti 300 na hukaa nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Kubadilisha fyuzi ya ndani nako ni kazi bure mara nyingi: fyuzi ilikatika kwa sababu kuna kitu nyuma yake kilichopiga shoti, na mpya itakatika vilevile. Pima kutoka nje kwa multimita, kile kifaa cha kupimia volti. Plagi ikiwa ukutani na kompyuta imezimwa, waya wa zambarau kwenye kiunganishi cha pini 24 unapaswa kuwa na volti 5 ukilinganisha na mweusi. Hakuna kitu? Chomoa kiunganishi hicho kutoka kwenye ubao mama (bodi kubwa inayounganisha vipuri vyote) upime tena. Volti ikirudi, pawa saplai haina kosa. Kuna shoti kwenye ubao. Isiporudi, na soketi ya ukutani na waya ni vizima, pawa saplai imekufa.

Volti 5 zikiwepo, chomoa plagi ya ukutani, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote wa kiunganishi hicho kwa kipande cha waya, kisha rudisha umeme. Pawa saplai itawaka yenyewe. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.47. Usitegemee feni peke yake, kwani nyingine hazizunguki bila mzigo. Kama nyaya zote ni nyeusi, tafuta mchoro wa mtengenezaji; kubahatisha pini hapa ni hatari.

Dalili moja inafaa kuijua vizuri: ukibonyeza swichi, feni inashtuka mara moja na kusimama. Huko ni kujizima kwa kinga baada ya kuona shoti mahali fulani. Zima, chomoa umeme, toa kipande kimoja, jaribu tena: kadi ya picha, kisha kiunganishi cha pini 4 au 8 kilicho karibu na prosesa. Feni zikiendelea kuzunguka baada ya kutoa kile cha prosesa, mara nyingi shoti iko kwenye transista za nguvu zinazoilisha prosesa. Huo ubao mama ni wa fundi mwenye mashine ya kuchomea chipu, au wa kubadilishwa.

Jaribio la ubao lifanyike na vitu vichache kabisa: prosesa na feni yake, RAM moja, na picha kutoka kwenye ubao wenyewe kama prosesa inaruhusu. Hamisha RAM kwenye nafasi nyingine, jaribu na ya pili. Chomoa betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao kwa dakika chache ili mipangilio ya BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) irudi ya kiwandani. Ubao ukiwa kwenye umeme lakini umezimwa, kisha ukichomoa plagi ukaona chipu ndogo karibu na soketi ya mtandao ni ya moto, umepata pa kuanzia.

Kama mashine inawaka na mtandao tu ndio umekufa, shukuru. Zima chipu hiyo ndani ya BIOS, maana ikiachwa inaweza kuchelewesha au kugandisha kuwaka, kisha weka kadi ya mtandao ya kuchomeka au adapta ya USB.

Tukirudi kwenye diski: iunganishe kwenye kompyuta nyingine nzima kupitia adapta ya USB, na kabla ya lolote nakili mafaili. Diski ya inchi 3.5 isiyozunguka, ambayo hata adapta yake inajizima, mara nyingi ina shoti kwenye moja ya dayodi mbili za kinga zilizo karibu na kiunganishi cha umeme, moja ya volti 12 na moja ya 5. Pima kila dayodi diski ikiwa haina umeme. Ikisoma karibu na omu 0 hata ukigeuza ncha za multimita, imejitoa mhanga. Ukiing'oa, diski inaweza kuzunguka tena, lakini sasa haina kinga: nakili kila kitu na uistaafishe. Kubadilisha bodi ya diski kwa nyingine ya aina ileile hakutoshi kwenye diski nyingi, kwa sababu chipu ndogo ya kumbukumbu yenye vipimo vya diski hiyo hiyo lazima ihamishwe pia. SSD (diski ya chipu tupu, isiyo na kitu kinachozunguka) iliyokaa kimya ni kazi ya maabara.

Laptopu huwa rahisi zaidi. Pima chaja kwanza kwa kulinganisha na volti zilizoandikwa kwenye lebo yake. Mara nyingi imekufa peke yake.

Kompyuta iliyopona usiiamini haraka. Endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, soma taarifa za SMART ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, na jaribu kila tundu la USB. Kujizima kusikotabirika wiki kadhaa baadaye kunaweza kuwa ni jeraha lilelile likijitokeza.

Kabla ya kurudisha nyaya, pima adapta ya ruta na tundu la ruta linalopokea waya wa nje. Kizuia radi cha soketi nacho badilisha hata kama taa yake inawaka: kinga iliyomo huchakaa kila inapomeza msukumo, na hakikingi ipasavyo kwenye soketi isiyo na ethi.