Basi namba 36, saa kumi alfajiri

Nimeingia nyumbani Bolton, mji jirani na Manchester huku Uingereza, sasa hivi. Viatu vimelowa, chai iko jikoni, na kabla usingizi haujanishika nataka kuandika habari za basi.

Zamu yangu Manchester huisha saa tisa usiku. Zamani nikimaliza nilikuwa najikunja kwenye kiti cha chumba cha wafanyakazi mpaka basi la kwanza la asubuhi, maana teksi ingekula mshahara wa saa mbili. Septemba 2024 namba 36 lilianza kutembea usiku kucha kwa majaribio. Leo nimepanda na wafagiaji, mpishi mmoja na wauguzi wawili. Tulikuwa kimya, tumechoka, lakini kila mtu alikuwa anakwenda kwake.

Watu wa hapa walinieleza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya Usafiri ya 1985, enzi za waziri mkuu Margaret Thatcher, iliwaachia wenye kampuni mabasi ya Uingereza kuanzia Oktoba 1986: wachague njia zinazolipa, wapange nauli na saa zao wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na tiketi ya wiki ya kampuni moja; basi la kampuni nyingine likisimama mbele yangu, mvua inanyesha, naliacha liende. London haikuguswa. Kule mamlaka ya usafiri ya umma iliendelea kupanga njia na nauli. Hapo ndipo roho inaponiuma. Kama soko huria lilikuwa dawa, mbona mji wenye Bunge haukunyweshwa?

Sheria ya 2017 iliwapa mameya uwezo wa kuyarudisha mabasi mikononi mwa umma. Andy Burnham, akiwa meya wa Greater Manchester, yaani Manchester na miji jirani, akautumia. Mabasi ya kwanza ya manjano yalitoka tarehe 24 Septemba 2023, hapa hapa Bolton na kule Wigan, na Januari 2025 eneo lote likawa limekamilika. Kampuni bado zinaendesha, ila kwa mkataba. Njia na nauli si zao tena. Mwezi huohuo serikali kuu ilipandisha kikomo cha nauli kutoka pauni 2 hadi 3. Sisi tukabaki na 2.

Siku 10 tu baada ya mabasi yale kutoka, Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, alisimama kwenye mkutano wa chama chake mjini Manchester, ndani ya ukumbi uliokuwa stesheni ya reli, akatangaza kwamba treni ya kasi ya HS2 haitajengwa kutoka Birmingham kuja huku. Niliumia kama mzaliwa wa hapa.

Wengi husema siasa ni za wakubwa. Mimi siku hizi nikisikia uchaguzi wa meya, nauliza kwanza: mabasi ya usiku yatabaki? Kesho naingia tena saa moja jioni.