"Kama dadu ndiyo inaamua, wewe unafanya nini?"

Swali hilo aliniuliza mjomba wangu, barazani kwake Tanga, Desemba iliyopita. Mjomba ni mtu wa bao. Kete 64, mashimo 32, hakuna kinachofichwa. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Alinikuta nimekaa na laptopu mapajani, kwenye kioo kuna ubao wa pembetatu nyekundu na nyeupe na dadu mbili zinabadilika. Akasimama nyuma yangu akitazama kimya, zamu tatu au nne hivi, kisha akauliza. Nikamjibu harakaharaka kwamba akili nayo ipo. Jibu halikumtosha, na hata mimi halikunitosha. Leo nataka kulijibu vizuri.

Mchezo wenyewe niliujulia Istanbul. Nilisoma huko miaka minne, nikiishi Üsküdar, upande wa Asia, na chini ya jengo letu palikuwa na kibanda cha chai chenye meza nne. Kila jioni mzee mmoja fundi viatu alikuwa anafunga karakana yake anakuja na ubao kwapani. Wao wanauita tavla. Duniani kwingi unajulikana kama bakgamoni. Kabla ya mchezo ilinibidi nijifunze kuhesabu upya, maana kwenye tavla namba za dadu hutajwa kwa Kiajemi kilichochanganyika na Kituruki. Sita na tano ni "şeş beş". Sita mbili ni "düşeş", na mzee akiipata aliitamka kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mahali ulipopanga kete mbili au zaidi panaitwa "kapı", yaani mlango. Neno hilo nimelichukua, nami nitasema mlango humu, kwa sababu ndivyo ulivyo: ukiwa wako, mwenzako hapiti.

Kila nilipofungwa nililaumu dadu. Mzee hakubishana nami. Alikuwa anapanga kete upya, ananisogezea kikombe cha chai, tunaanza tena.

Niliporudi nyumbani na kupata kazi Morogoro sikupata mtu wa kucheza naye. Drafti wapo, karata wapo, ludo imejaa kwenye simu za watu. Bakgamoni hakuna. Ndipo nikapakua GNU Backgammon, programu ya bure ambayo ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti tena. Kwangu hilo lina uzito: bando likiisha saa nne usiku mchezo unaendelea, na hakuna matangazo yanayokurukia usoni katikati ya hesabu.

Kwa asiyeujua, ubao una pembe 24, yaani zile pembetatu. Kila mchezaji ana kete 15. Ukihesabu kutoka upande wako, kete 2 ziko pembe ya 24, huko ndani kabisa kwa mwenzako. 5 ziko pembe ya 13, 3 pembe ya 8, na 5 pembe ya 6. Kazi ni kuzileta zote nyumbani, yaani pembe ya 6 hadi ya 1, kisha kuzitoa nje moja moja. Anayemaliza kutoa kwanza ameshinda. Mwenzako anakuja kwa njia hiyohiyo akielekea upande wa pili, kwa hiyo lazima mpishane. Kete iliyo peke yake inaweza kuliwa. Ikiliwa inawekwa katikati ya ubao, na huruhusiwi kusogeza nyingine yoyote mpaka hiyo imeingia tena upande wa nyumba ya adui. Dadu zikilingana unacheza namba hiyo mara nne badala ya mbili. Ukimaliza kabla mwenzako hajatoa hata moja, ushindi wako unahesabiwa mara mbili. Hiyo ndiyo Waturuki wanaiita "mars", na fundi viatu alinipiga nayo mara nyingi.

Kwenye kompyuta unaanzisha pambano jipya na kuchagua pointi za kufikia ili kushinda. Mimi huchagua 7. Unabonyeza ubao dadu zitupwe, unaikokota kete kwa kipanya hadi unapotaka, na ukimaliza unabonyeza dadu zenyewe, kama vile umeziokota mezani. Kabla hujaziokota unaweza kurudisha kete ulikoitoa ukafikiri tena. Ukishaokota, basi. Naupenda sana utaratibu huo, kwa sababu mezani Üsküdar ilikuwa hivyohivyo: mkono ukigusa dadu, neno limetoka.

Programu ina ngazi za uchezaji, kutoka ya mwanafunzi hadi juu sana. Ushauri wangu, na hapa najua wengi watanipinga, ni kwamba usianze na ngazi ya chini. Mashine iliyoshushwa uwezo hufanya makosa ya ovyo, nawe unazoea kuyategemea. Iache icheze kwa nguvu zake, wewe washa sehemu ya mwalimu iliyomo kwenye mipangilio. Mwalimu huyo ananyamaza muda wote ukicheza vizuri. Ukitaka kufanya kosa kubwa anakusimamisha na kukupa nafasi ya kuchagua: cheza hivyohivyo, fikiri tena, au uonyeshwe. Chagua kufikiri tena. Nimekaa dakika kumi nzima mbele ya ubao mmoja nikitafuta nilichokosa, na dakika hizo zimenifundisha kuliko michezo mia ya kukimbilia.

Kuna usiku mmoja siusahau. Nilikuwa na kete moja ya kuacha wazi, sikuwa na namna, na ningeweza kuiacha hatua 6 mbele ya kete ya adui au hatua 7. Nikaiweka kwenye 6, kwa sababu pale ilikuwa jirani na wenzake na ilionekana salama kwa macho. Mwalimu akanisimamisha. Nikafikiri, nikaona sioni, nikamwambia anionyeshe. Alitaka 7.

Nikachukua karatasi. Dadu mbili zina matokeo 36. Kete iliyo hatua 6 mbele, kama njia iko wazi, inaliwa na kila tokeo lenye sita ndani yake, hayo ni 11. Ongeza 5 na 1, 4 na 2, kila moja kwa namna mbili. Ongeza mbili-mbili na tatu-tatu. Jumla 17. Hatua 7 haifikiwi na dadu moja. Lazima zitoke 6 na 1, 5 na 2, au 4 na 3. Jumla 6. Yaani kwa kusogea nafasi moja tu ningepunguza hatari kutoka 17 hadi 6, na miaka minne yote Istanbul nilikuwa nasema fundi viatu ana mkono wa bahati! Alikuwa anajua 17 na 6. Huenda hakuwahi kuziandika popote, lakini alizijua.

Ukimaliza pambano, agiza programu ilichambue. Hapo ndipo lilipo jibu la mjomba. Inapitia hoja zako zote, yaani kila ulivyosogeza kete, na kutoa hesabu mbili tofauti: moja ya makosa, moja ya bahati. Ya makosa inalinganisha ulichocheza na hoja bora iliyokuwepo kwa dadu zilezile. Ya bahati haigusi hoja yako kabisa. Inachukua matokeo yote yaliyoweza kutoka, aina 21 ukiyaondoa yanayojirudia, inapata wastani wa thamani yake, kisha inaangalia lile lililotoka liko juu ya wastani au chini yake. Kwa hiyo unaweza kufungwa na bado ukaambiwa umecheza vizuri, au ukashinda ukaambiwa ulibebwa. Kwa mtu aliyekuwa na bahati mbaya sana huandika maneno ya kumwambia aende akalale. Niliyaona mara moja tu. Mara nyingine zote nilizodhani dadu zimenionea, safu ya bahati ilikuwa karibu na sifuri, na safu ya makosa ndiyo iliyojaa.

Najua malalamiko yanayofuata, nimeyasikia na nimeyasema mwenyewe: kompyuta inajipangia dadu. Programu hii ina dawa yake. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua dadu za mkono. Wewe unatupa dadu za kweli mezani, zako na za mashine, unaingiza namba. Nilicheza hivyo mwezi mzima kwa dadu nilizotoa kwenye boksi la ludo. Nikafungwa vilevile.

Jambo hili la kutenganisha bahati na akili ni la zamani kwenye mchezo huu. Mwaka 1979, Monte Carlo, programu iliyoitwa BKG 9.8 ilimfunga bingwa wa dunia wa wakati huo, Luigi Villa, pointi 7 kwa 1. Mtengenezaji wake, Hans Berliner, alipochambua pambano baadaye alikiri hadharani kwamba dadu ziliibeba mashine yake na Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi. Namheshimu sana mtu huyo kwa kukiri. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa IBM akatengeneza TD-Gammon, ambayo ilijifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, mamia ya maelfu ya michezo. Hiyo haikuhitaji kubebwa. Ilibadilisha hata namna mabingwa wanavyofungua mchezo: ukipata 2 na 1, kwa mfano, wengi walikuwa wanashusha kete moja peke yake pembe ya 5 wakitumaini haitaliwa; mashine ikapendelea kutenganisha zile mbili za nyuma, na watu wakaifuata. GNU Backgammon nayo inategemea mtandao wa neva, yaani programu iliyoundwa kwa mfano wa ubongo, kama TD-Gammon.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni dadu la kuzidisha, kwa sababu kwenye tavla ya kibandani halikuwepo. Lina namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Kabla ya kutupa dadu zako unaweza kusema mchezo huu sasa uhesabiwe mara mbili. Mwenzako akikataa, amepoteza pointi moja papo hapo. Akikubali, dadu hilo linakuwa lake na ni yeye tu anayeweza kuzidisha tena. Mimi nilikuwa nakataa kila nilipoona niko nyuma. Makosa. Chukua hali ambayo utashinda mara moja katika kila mara nne. Ukikataa mara zote nne unapoteza pointi 4. Ukikubali zote, utapoteza michezo mitatu kwa pointi 2, ambazo ni 6, na utashinda mmoja kwa pointi 2. Umepoteza 4 vilevile. Kwa hiyo nafasi yako ikizidi robo, kubali. Ziko nyongeza za hesabu hiyo, hasa hatari ya "mars" ikiwepo, lakini robo ndiyo nguzo. Siku nilipoielewa, makosa yangu kwenye dadu hilo yalipungua karibu nusu.

Aprili nikaenda tena Tanga. Nilibeba laptopu na dadu za ludo. Nikamwambia mjomba hatuwekei pesa, mimi nitatupa dadu kwenye sinia na kuingiza namba, yeye atachagua hoja. Alikubali kwa sharti kwamba nisimsaidie. Nilimweleza sheria kwa robo saa, tukaanza.

Tokeo lake la kwanza lilikuwa 6 na 1. Mimi miaka ile ningekimbiza kete ya nyuma kwa zote mbili, na ingekaa peke yake ikisubiri kuliwa. Mjomba aliinama, akatazama pembe ya 13, ya 8, ya 6. Akaniambia nitoe moja kutoka 13 iende 7, na moja kutoka 8 iende 7. Milango mitatu imefuatana: 6, 7, 8. Sikuwa nimemtajia kitu kinachoitwa ukuta, yaani milango iliyofuatana. Nikamuuliza ameona nini.

"Hapa hapiti," akasema, na kugonga kioo kwa ukucha.

Hiyo ndiyo hoja ambayo mashine yenyewe inaichagua.

Alifungwa 7 kwa 3. Aliacha kete zake mbili za nyuma zikae mno, na dadu la kuzidisha alilikubali pale ambapo palikuwa pa kukimbia. Nilitegemea aseme neno kuhusu dadu. Nikafungua uchambuzi, nikamsomea safu ya bahati, kisha safu ya makosa. Alinisikiliza akiwa amekunja kanzu magotini, akaomba miwani yake kutoka ndani. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu.

"Huo mchezo wa tatu," akasema. "Urudishe nyuma, pale nilipokubali. Nataka kuona nilikuwa na ngapi."