Kapteni, acha kununua mito

Marubani wa helikopta wana tabia moja: mgongo ukianza kuuma, wanatafuta mto. Hapa uwanja wa ndege wa Wilson nimeona ya kila aina. Mto wa sofa, shuka la Kimaasai lililokunjwa mara nne, na majuzi sponji nene iliyokatwa Gikomba na kushonewa kitambaa maridadi kuliko cha kiti chenyewe. Mwenye sponji hiyo, mzee wa kuheshimika, alininunia nilipokataa kuifunga kwenye kiti chake. "Fundi, mgongo si wako," aliniambia. Kweli, si wangu. Ila mapanga ya rota, yale yanayozunguka juu ya helikopta, ndiyo kazi yangu, na nusu ya maumivu yake yanatoka huko juu.

Chukua helikopta ya AS350, hii aina ya B3 tunayoiona kila siku ikielekea Mara au Marsabit. Ina mapanga matatu, yamewekwa alama za njano, nyekundu na buluu ili fundi asiyachanganye. Rota yake huzunguka kama mara 390 kwa dakika, yaani mara sita na nusu kwa sekunde. Panga moja likiwa zito kuliko wenzake, au likipaa juu yao kidogo, utasikia pigo moja kila mzunguko. Mapigo sita na nusu kwa sekunde. Sasa, mwili wa mtu aliyeketi haupatani kabisa na mtikisiko wa juu-chini wa mara nne hadi nane kwa sekunde. Karibu na tano, kiwiliwili chenyewe huanza kuufuata na kuukuza, na pingili za kiunoni ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo pigo linaloumiza mgongo kuliko yote ndilo hasa ambalo fundi ana uwezo wa kuliondoa. Hapo ndipo ninapogombana na wanunuzi wa mito.

Kuna mtetemo mwingine ambao helikopta imezaliwa nao. Kila panga linapopita hutoa msukumo wake, mara tatu kwa mzunguko, karibu mara 20 kwa sekunde. Huo unasumbua macho zaidi, namba za dashibodi zinaonekana kama zina ukungu, na hakuna washa, kile kipete cha chuma cha kuongeza uzito kwenye panga, utakayoongeza ukaisha. Waliounda ndege waliukabili kwa njia nyingine: uzito ulioshikwa na springi juu ya kichwa cha rota, na chini ya viti vya mbele, vipande vya uzito vilivyofungwa kwenye ncha za bapa za chuma cha springi. Sakafu ikipanda, uzito unashuka, nguvu zinakatana. Vimepimwa vicheze kwa kasi hiyo moja tu. Vumbi la Turkana halijui hayo. Ukifungua kifuniko baada ya msimu wa kazi za kaskazini unaweza kukuta mchanga umejaa, kitu kimekwama, na rubani juu yake anatetemeshwa huku akilaumu kiti.

Sponji je? Sponji laini husaidia kidogo kwenye mtetemo wa haraka. Kwenye ule wa polepole inaweza kumwongezea mtu, anarushwarushwa kama mtoto kwenye kitanda cha springi. Na ndege ikianguka, ni hatari tupu: mwili unashuka kwanza kupitia ule ulaini, unakutana na kiti kigumu ukiwa na kasi, na uti wa mgongo unapokea kishindo kikubwa kuliko kama mto usingekuwepo. Bado sijataja moto. Kiti cha ndege hakibadilishwi kwa cherehani ya mtaani.

Kazi yenyewe naipenda ifanyike alfajiri, kabla upepo haujaanza. Tunafunga vihisi viwili kwenye chumba cha rubani, kimoja kinasikiliza wima na kingine ubavuni, na kamera ya kutazama ncha za mapanga zinapita kwa kimo gani. (Wazee wetu walipaka ncha za mapanga chaki za rangi, wakasogeza kitambaa kwenye mlingoti hadi kiguswe, kisha wakasoma alama. Ulihitaji roho ngumu.) Tunawasha, tunapima chini, tunainua, halafu rubani anakwenda na kurudi kwa mwendo wa safari. Pigo la wima kwa kawaida ni mapanga kutofuata njia moja, kwa hiyo narekebisha fimbo za kubadili pembe ya panga, au nakunja kidogo sana kile kibapa cha ukingo wa nyuma. Pigo la ubavuni ni uzito, na dawa yake ni washa. Gramu chache tu, unazishika kiganjani huamini. Nabadilisha kitu kimoja, tunaruka tena. Mwenye pupa hapa atakesha.

Siyo kila kitu ni mapanga, lazima niseme. Mkono wa kushoto uko chini kwenye wenzo, wa kulia kwenye usukani, mgongo umepinda kuelekea mbele kwa saa tatu. Mkao huo ungeumiza hata helikopta ikiwa imezimwa. Kwa hilo, kiti kirekebishwe, na kiegemeo cha kiuno kilichoidhinishwa kwa ndege hiyo nakifunga bila ubishi.

Ninachoomba ni maandishi bora kwenye kitabu cha ndege. "Ndege inatetemeka" hainisaidii. Niandikie mwendo gani, abiria wangapi, wima au ubavuni, polepole kiasi cha kuweza kuhesabu au ni mvumo. Kama mtetemo uko kwenye pedali tu, miguu inawasha, huo ni wa rota ya mkia, inayozunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na nitaanzia nyuma. Kama unatikisika sekunde chache tu unapoanza kuchukua mwendo baada ya kunyanyuka, au unapopunguza ili utue, huo ni wa kawaida, usiuandike. Mzee wa sponji aliandika: "mwendo noti 110, wima, naweza kuhesabu." Asubuhi iliyofuata nilijua naanza na vibapa vya mapanga.