Kichwa cha treni chenye sura mbili: safari yangu ya Ffestiniog

Nimependa treni za mvuke tangu nikiwa mdogo, hasa hizi za reli nyembamba, na kwa miaka mingi kuna kichwa kimoja nilikuwa nakiangalia kwenye picha tu. Kinaitwa Merddin Emrys na kiko Wales, kwenye reli ya Ffestiniog. Safari hii nimekiona, nimekisikia, nimepanda mabehewa yake mpaka juu mlimani.

Nilifika stesheni ya Porthmadog mapema nikakikuta kimesimama kinapumua taratibu. Wale ambao hamjawahi kukiona, hicho kichwa hakina mbele wala nyuma. Bomba la moshi huku na bomba la moshi kule, boila inaenda pande zote mbili na tanuru liko katikati, kwahiyo dereva anasimama upande mmoja wa boila na mchochea moto upande wa pili, wanafanya kazi pamoja huku boila imewatenganisha siku nzima. Na reli yenyewe upana wake ni milimita 597 tu, yaani hata nusu ya reli ya kawaida ya 1,435 haifiki!

Honi ikalia tukaondoka. Mwanzo mnapita juu ya tuta refu linaitwa Cob, kulia maji ya bahari na kushoto milima, halafu mwisho wa tuta ndio karakana ya Boston Lodge ambapo kichwa hiki kilitengenezwa 1879. Nilitoa kichwa dirishani kuangalia ile karakana mpaka ikapotea kwenye kona.

Baada ya hapo ni mlima mtupu, na hapa ndipo nilipoelewa kwanini kina sura mbili. Reli ilifunguliwa 1836 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Blaenau Ffestiniog mpaka bandari ya Porthmadog, na waliipima ishuke taratibu karibu njia nzima, kama mita moja kila mita 80, ili mabehewa yenye mzigo yashuke yenyewe kwa uzito wake, watu wa breki wakiwa juu yake na farasi nao wakipanda behewa lao wakishuka kama abiria, halafu ndio wavute matupu kurudi juu. Injini za mvuke zikaja 1863 ila zilikuwa ndogo na mzigo ukazidi kukua. Kupanua njia kwenye ule mwamba ilikuwa gharama kubwa mno. Ndipo ukaletwa ubunifu wa mhandisi Robert Fairlie, ndio huu wa sura mbili, injini ndefu yenye nguvu mara mbili ikiwa imekaa juu ya seti mbili za magurudumu, kila seti inazunguka peke yake kwenye kona, na uzito wote uko kwenye magurudumu yanayovuta. Ya kwanza pale, Little Wonder, ilikuja 1869 na mwaka uliofuata watu walitoka mpaka Urusi kuja kuiona ikifanya kazi. Kwakweli kona zile ukizipita ukiwa ndani unaona hesabu yake ilivyokaa sawa.

Stesheni ya Tan-y-Bwlch tulisimama kichwa kikanywa maji. Mbele zaidi, Dduallt, reli inajizungusha yenyewe kabisa, unapita chini halafu unazunguka unaikuta njia uliyotoka iko chini yako. Kipande hiki ni kipya, maana njia ya zamani ilifunikwa na bwawa la umeme, na watu wa kujitolea walichimba njia nyingine kuanzia 1965 mpaka 1978, wengi wao kwa sururu na koleo. Treni ikarudi kufika Blaenau 1982. Mimi watu hao nawaheshimu sana, bila wao hii safari isingekuwepo.

Juu kule ni milima ya mabaki ya mawe, kijivu kila upande. Kichwa kikahamishiwa upande wa pili wa mabehewa tukaanza kurudi.

Kushuka ndiko kulinigusa zaidi. Dereva alifunga mvuke, ule mngurumo wote ukaisha, ikabaki sauti ya magurudumu na breki, treni inateremka kwa uzito wake kama yale mabehewa ya mawe. Kilomita nyingi hivyohivyo, hata watoto behewani walinyamaza. Mpaka tulipofika kwenye tuta, ambako ni tambarare, hapo zamani farasi walikuwa wanashuka kwenye behewa lao kuvuta mzigo, ndipo nikaisikia injini inaanza tena, pole pole, chuf, chuf, kuelekea bandarini.