Kuzama Mgodini Bochum

Katika eneo la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, fahari ya wenyeji si majumba ya wafalme bali migodi iliyokwisha kufungwa. Mji wa Essen naupita haraka. Mgodi wa Zollverein, uliofungwa mwaka 1986 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, unapendeza kwelikweli, na ngazi yake ya umeme yenye rangi ya chungwa, inayompandisha mgeni hadi Makumbusho ya Ruhr, isimpite mtu. Ila chakula cha mchana nilichokula jirani na hapo kilinila fedha ya kulisha nyumba nzima Shinyanga, tena viazi vyenyewe vilikuwa vimepoa.

Safari yangu hasa ilikuwa Bochum, kwenye makumbusho ya uchimbaji madini, Deutsches Bergbau-Museum. Tuliingizwa kwenye lifti ya kushukia mgodini, mlango ukafungwa kwa kishindo, sakafu ikaanza kutetemeka, na kuta za mwamba zikawa zinapita mbele yetu kwa kasi iliyonifanya nishike chuma kwa mikono miwili. Tuliambiwa tunashuka mita 1,200. Mama mmoja alifumba macho mpaka tulipofika. Tulitokea kwenye njia za giza, penye mashine za kukatia makaa, nami nikawa nimeshajihesabu miongoni mwa watu waliozama. Ndipo mzee aliyetuongoza, mchimbaji mstaafu mwenye kovu la bluu mkononi, mahali ambapo vumbi la makaa liliingia kidondani likabaki humo, alipocheka na kutueleza kwamba tulikuwa mita 20 hivi tu chini ya mji. Njia zile, zenye urefu wa kilomita mbili na nusu, zilichimbwa kwa ajili ya maonyesho, na hazijawahi kutoa makaa ya kuuzwa.

Nilitapeliwa, na sijawahi kufurahia utapeli kiasi kile.

Hata mnara wa mgodi ulio juu ya jengo la makumbusho ulihamishwa kutoka mgodi wa Germania, Dortmund. Nikiwa kileleni niliuwaza mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambako almasi ziligunduliwa mwaka 1940, nami niliyekulia jirani nalijua lango na walinzi wake tu. Siku wakiamua kutukaribisha, naomba wageni waongozwe na mzee aliyefanya kazi mle, wala si kijana aliyekariri maelezo.